Lori la Watatu, Ng'ombe wa Mama

Kwetu milimani ng'ombe wa mtu hawalali zizi moja. Mwenye akili huwagawa. Mmoja kwa rafiki upande wa Bura, wawili kwa mtu wa Kasigau, mmoja kwa jirani ambaye hata si wa ukoo. Ugonjwa ukiingia zizi hili, lile litabaki. Na zizi lako wewe nalo limejaa ng'ombe wa watu. Unawachunga, maziwa mnakunywa wewe na watoto wako, mbolea unatia shambani, ndama ni wa mwenye ng'ombe, na ukikaa naye vizuri ipo siku atakupa mmoja uwe wako. Ng'ombe akifa, unamchuna, unampelekea mwenyewe ngozi na nyama, anaona kwa macho yake, maneno yamekwisha. Hakuna wa kukwambia lipa.

Naanza na hilo kwa sababu asiyelijua hatamwelewa mume wangu. Wengi hawakumwelewa. Walisema ni mjinga, wakasema mbele ya watoto wangu. Hakuwa mjinga. Alikuwa mtu wa desturi moja aliyeingia katika desturi nyingine kwa mlango wa nyuma, akadhani ni nyumba ile ile.

Katika zizi letu walikuwamo ng'ombe wawili wa mama yangu. Mmoja mwekundu, pembe moja imepinda kuelekea jichoni, na mwanawe, mtamba ambaye hajazaa. Mama alikuwa mjane, hakuwa na kitu kingine cha kukiita mali. Hao ndio waliokuwa mahari ya ndugu yangu, mtoto wake wa kiume wa pekee. Msichana alikuwa amekwisha kupatikana, ng'ambo ya bonde, mtu wa kazi. Mimi sisifu watu ovyo, lakini yule nilimkubali siku nilipomwona amebeba kuni na bado anaimba. Baba yake alikubali. Kilichobaki ni mtamba azae, ng'ombe wapelekwe, harusi ifungwe kanisani. Mama alikuwa akija kwetu kila baada ya ibada, anasimama kwenye zizi, anamtazama mtamba tumboni, kisha anaingia kunywa chai.

Sasa lori.

Ilikuwa miaka ile ya Hali ya Hatari. Kwetu vita havikufika, lakini askari walikuwa wakisimamisha magari kwenye njia ya Voi, wanatazama vipande, vile vitambulisho vya serikali. Mboga zetu zilikuwa zinatakiwa sana Mombasa. Kabichi, nyanya, karoti, viazi. Sisi wanawake tulizishusha mgongoni mpaka njia ya gari, na mume wangu alikuwa mmoja wa wanaozinunua na kuzitafutia usafiri. Usafiri ulikuwa shida. Mboga zililala njiani, zikaoza. Basi yeye na rafiki yake wakasema watanunua lori.

Huyo rafiki alikuwa rika lake, wamecheza pamoja. Alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma akijua kuendesha gari na kutukana kwa lugha tatu. Mcheshi. Alikuwa akipita kwangu ananiita mke mwenza.

"Mke mwenza, leo namchukua bwana wetu, ukimpikia umepoteza unga."

"Mchukue," namwambia, "ila ukimrudisha amenuka petroli atalala kwako."

Fedha walizokuwa nazo wawili hao hazikutosha hata magurudumu. Wa tatu akapatikana Voi, mwenye duka, mtu wa pwani, mpole, mtu wa swala tano. Akawaambia, "Mimi nitatia fedha. Mkono sitii. Kazi ni yenu." Wakaenda wote watatu Mombasa kwa mwanasheria ili jambo liandikwe vizuri, na fedha iliyopungua wakakopeshwa na muuza magari wa huko huko.

Mume wangu alirudi amefurahi kama mtu aliyekutana na jamaa ugenini. Aliketi, akaomba maji, akaanza kucheka.

"Mama watoto, hii sheria ya ushirika wa biashara wamezaliwa nayo Wazungu? Hii ni yetu! Yule mwenye duka ametia fungu lake. Likipotea, amepoteza hilo fungu tu, haulizwi zaidi. Na haruhusiwi kuamrisha kazi. Sasa huyo si mwenye ng'ombe? Na sisi si wachungaji? Lori likifa, tunampelekea ngozi."

Nikamwuliza, "Na ninyi wachungaji, likifa mnapoteza nini?"

"Tunapoteza maziwa," akasema.

Kosa lilikuwa hapo, ndani ya neno hilo moja, nami sikuliona. Mwanasheria alikuwa amesema pia upande wa pili, nina hakika alisema, kwa maana hiyo ndiyo kazi yake. Alisema wale wawili wanaoendesha kazi watajibu kwa kila walicho nacho. Lakini mtu akisikia nusu ya jambo na nusu hiyo anaijua tangu utotoni, nusu ya pili haisikii. Anaijaza mwenyewe.

Lori lilifanya kazi. Sitasema lilikuwa baya. Tulikula, watoto walivaa, nyumba tukaiezeka mabati upande mmoja. Mwenye duka alikuwa akipanda mlimani kutazama, kanzu nyeupe, anasimama mbali na matope.

"Nyanya hizo msizitie chini ya kabichi, mabwana. Zitakuwa mchuzi kabla hamjafika Maungu."

Watu wanacheka, nyanya zinapandishwa juu. Baadaye alizidi. Alimfukuza utingo mmoja kwa uchafu, akaleta mwingine. Alisema lori lisisimame Voi, lipite. Alisema nani apewe bei gani. Mimi nilikuwa nikipima viazi vyangu, nikamsikia, nikamwambia mume wangu nyumbani, "Yule alisema hatii mkono. Naona ametia mpaka kwenye kiwiko."

"Anatazama mali yake," akanijibu. "Mama yako akija hapa akasema mtamba asipelekwe chini kwenye kupe, amekuwa mchungaji?"

Nikarudi jikoni, kwa sababu hakuwa.

Mvua ya masika ilikuja nzito mwaka ule. Njia ya kuteremka Mwatate ililegea kama uji. Siku hiyo mzigo ulikuwa tayari, nasi wanawake tumesimama na magunia vichwani tunajikinga mvua. Rafiki wa mume wangu alishuka kwa miguu mpaka kwenye kona, akarudi akitikisa kichwa.

"Haipitiki. Tungoje ikauke."

Mwenye duka alikuwapo. Alikuwa na mwavuli. Akasema, "Meli haingojei, bwana. Wanunuzi wangu wako bandarini tangu jana. Pakieni, mwende polepole."

Wakapakia, wakaenda polepole.

Hakufa mtu. Rafiki aliruka, utingo naye akaruka, akateguka mguu. Lori lilikwenda korongoni peke yake na mboga zetu zote, likalala chali, magurudumu juu. Kesho yake tulishuka, wale wale wanawake tulioziteremsha zile kabichi mgongoni, tukaziokota msituni tukapanda nazo tena. Hakuna aliyeimba.

Mume wangu alifanya kama alivyofundishwa na baba yake. Alishuka korongoni na bisibisi, akafungua usukani na kile kibao cha namba, akavifunga kwenye gunia, akavipeleka Voi dukani. Aliniambia mwenye duka alivipokea kwa mikono miwili, akaviweka nyuma ya kaunta, akamwagizia chai na mahamri. Walikunywa. Wakapeana pole. Mume wangu alirudi amesikitika, lakini moyo wake mwepesi. Aliona maneno yamekwisha.

Haukupita muda, wito wa korti ukafika. Muuza magari wa Mombasa anataka fedha yake iliyobaki, na mwenye petroli wa Voi yake. Mume wangu alikwenda kwa rafiki yake washauriane, akakuta mke wa rafiki anatwanga.

"Amekwenda Njukini kwa shangazi yake," mwanamke akasema, hainui macho. Kutoka Njukini mpaka Tanganyika ni kama kuvuka kiwanja. Hakurudi. Tulimsikia yuko Moshi, halafu hatukumsikia tena. Aliogopa. Mtu aliyepigana Burma akaogopa karatasi.

Siku ya kesi nilishuka Voi pamoja na mume wangu. Nilikaa benchi la nyuma. Hakimu alikuwa Mzungu kijana mwenye mafua, anapenga kila mara. Karani wa korti alikuwa Mdawida mwenzetu, mtu wa milima yetu, ndiye aliyetafsiri. Mwenye duka alikuwa ameketi mbele, kofia yake ameiweka juu ya goti.

Wakili wa muuza magari alisimama kumwuliza mume wangu. Mimi nilidhani anataka kumla mume wangu. Kumbe alikuwa anamtafuta mwenye duka, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na fedha.

"Huyu bwana alikuwa akiamrisha kazi ya lori?"

"Hapana," mume wangu akasema. "Alikuwa akitazama mali yake."

"Fikiri vizuri. Kazi ya kila siku ilikuwa ya nani?"

"Yangu na mwenzangu."

"Siku ile ya mvua, nani aliyetoa amri lori liondoke?"

Mume wangu alimtazama mwenye duka. Mwenye duka alikuwa anaitazama kofia yake. Mimi nilikuwa nimeinuka nusu, mwanamke wa pembeni akanivuta khanga nikae.

"Sisi," mume wangu akasema. "Lori lilikuwa mikononi mwetu."

Wakili alikaa chini kama mtu aliyeteleza. Hakimu akapenga, akaandika. Akasema mwenye duka amepoteza fungu lake, na zaidi ya hilo hadaiwi. Deni ni la hao wawili walioendesha kazi.

"Basi nitalipa nusu yangu," mume wangu akasema. Alisema kwa heshima. "Nusu nyingine ni ya mwenzangu."

Karani alitafsiri, hakimu akatikisa kichwa.

"Hakuna nusu," karani akatuambia. "Kila mmoja wenu anabeba lote. Mwenzako akipatikana, mtadaiana wenyewe kwa wenyewe."

Nje, kwenye baraza ya korti, karani alitufuata. Alizungumza Kidawida, sauti ya chini, kama mtu anayetoa pole ya msiba.

"Mghosi, mzee wangu, kwa nini hukusema? Mbia wa fungu akishika kazi, ulinzi wake unaisha. Anakuwa kama ninyi. Wakili alikuwa anakupa kamba uishike. Ungesema tu, ndiye aliyetutuma siku ile, deni lingekuwa la watu watatu, na mmoja wao ana duka."

"Nilisema kweli," mume wangu akajibu.

"Kweli gani?"

"Mwenye ng'ombe akisema wapelekwe bondeni, na mchungaji anajua bondeni kuna chui, na bado akawapeleka, nani amewapeleka?"

Karani akarudi ndani. Jibu nilikuwa nalo mimi, na njia nzima ya kupanda nyumbani nilimpa mume wangu. Maneno hayo sitayaandika hapa. Alitembea mbele yangu, mikono nyuma, hakugeuka.

Kisha dalali wa korti akaja, na askari wawili. Alikuwa mtu wa adabu, tena alichoka kupanda, akaomba maji kabla ya kuanza. Alitazama nyumba, akaandika mabati. Alitazama zizi.

"Hawa wote?"

Zizi lilikuwa limejaa. Hilo lilikuwa fahari ya mume wangu, na hapo ndipo palipokuwa na uchungu wake. Ng'ombe wake mwenyewe mle ndani alikuwa mmoja. Waliobaki walikuwa wa watu waliomwamini.

"Hawa si wetu," nikamwambia.

"Mama, kila zizi nililokwenda ng'ombe si wa mwenye zizi. Ni wa nani?"

Nikaanza kusema, nikajizuia. Kwetu ng'ombe wa mtu hatajwi ovyo, sembuse mbele ya askari. Wakati ule serikali ilikuwa ikisema ng'ombe ni wengi mno, wapunguzwe. Kumtaja mwenye ng'ombe kwa dalali ilikuwa ni kumvua nguo.

Habari huku milimani hukimbia. Nilipoinua macho, mama yangu alikuwa amesimama kwenye ua wa miiba, anahema, ametoka kwake mbio na miaka yake ile. Nikamwambia kwa Kidawida, "Mama, sema. Wewe mwenyewe ukisema ni wako, atakusikiliza."

Dalali akageuka. "Nyanya, una ng'ombe humu?"

Mama alimtazama mtamba. Tumbo lilikuwa limeshuka, hata asiye mfugaji angeona siku zimekaribia.

"Nimekuja kumwona binti yangu," akasema.

"Una hakika, nyanya? Ukisema, itabidi uje Voi uape, na utuambie na hawa wengine ni wa nani. Lakini unaweza."

"Nimekuja kumwona binti yangu," mama akarudia.

Wakafungua zizi. Ng'ombe mwekundu alikataa kutoka, akageukia upande wa ndani, na askari mmoja alipotaka kumpiga, mama akaingia mwenyewe, akamshika ile pembe iliyopinda, akamtoa. Mtamba akamfuata mamaye. Walishuka njia ile ile ya kabichi. Mama aliingia ndani akaketi mahali pake pa siku zote. Nikampa chai.

"Kwa nini, mama?"

"Ningewataja wawili, angeuliza wa tatu," akasema. "Niuze siri za mlima mzima kwa ajili ya mwanangu? Angeoa kwa ng'ombe wa aibu."

Ng'ombe waliuzwa mnadani Voi. Hao hawakufa, hawana ngozi ya kuonyesha. Kwa hiyo desturi yetu nayo, ile mume wangu aliyodhani itamfunika, ikamgeukia. Ng'ombe aliyepotea kwa deni la mchungaji, mchungaji humrudisha. Akawa anadaiwa na korti, tena akawa anadaiwa na mlima. Watu wa mlima hawakumpeleka popote. Walikuja mmoja mmoja, wakampa pole, wakakaa kidogo, wakauliza habari za mvua. Hilo lilimwumiza kuliko hakimu.

Alikwenda Kasigau kuwachukua ng'ombe wake waliokuwa huko. Walikuwa wamebaki watatu. Alipofika nao nyumbani, mama alikuwapo. Kwa sababu ni mkwewe, hakumsemesha uso kwa uso, aliongea akinitazama mimi.

"Mwambie alipe watu wa nje kwanza. Mimi ni wa ndani."

"Mama, na ndugu yangu?"

"Mwambie alipe watu wa nje."

Akalipa watu wa nje. Watatu hawakutosha hata kwao. Akashuka kwenye mashamba ya mkonge, na ndugu yangu akaenda pamoja naye, kila mmoja akitafuta fedha ya ng'ombe wale wale wawili. Mwenye duka alinitumia sukari na vitambaa. Mtasema ningevirudisha. Sukari tuliinywa, watoto walitaka chai. Hakuvunja sheria ambayo mtu angemshika nayo, na alipokutana na mume wangu njiani alikuwa wa kwanza kutoa salamu. Mume wangu alimjibu vizuri mpaka mwisho wa maisha yake. Mimi nilimjibu pia, lakini kwa kifupi.

Baba wa msichana alingoja mavuno ya kwanza. Mavuno ya pili yalipopita alikuja kwa mama, akakaa kwenye kigoda, akazungusha kofia.

"Mama, mimi sina ugomvi na nyumba hii. Lakini binti si mahindi ya mbegu, nimtundike juu ya moshi mpaka mvua ijayo."

"Ni kweli," mama akasema.

"Kuna kijana, anafanya kazi reli, Voi."

"Reli ni kazi nzuri," mama akasema, akamsindikiza mpaka njiani kama mgeni mwingine yeyote.

Siku ya harusi ya msichana yule tulikuwa shambani kwa mama tukivuna maharagwe. Ndugu yangu alikuwa amepewa ruhusa ya siku chache kule mkongeni, mikono yake imechanika, yuko nasi. Hakuna aliyekuwa amesema ni leo, lakini sote tulijua. Shamba la mama linapakana na njia ya kanisa. Tukawasikia kabla ya kuwaona, sauti za wanawake, halafu vifijo, halafu wimbo. Ndugu yangu aliendelea kung'oa. Aliyaweka maharagwe mafungu mafungu, mizizi upande mmoja, kwa uangalifu ambao sijamwona nao tena.

Wimbo ulikuwa wa kanisani, mama alikuwa akiujua. Walipofika sawa na shamba, naye akaushika, ameinama hivyo hivyo, anang'oa, anaimba taratibu, ubeti kwa ubeti, mpaka wakapita, mpaka wakamaliza. Hakuinua kichwa. Ndugu yangu akajaza gunia, akalifunga, akajitwika, akashuka nalo upande wa pili wa shamba, upande usio na njia.